Davis Smith na Cotopaxi: kutoka maduka ya mtandaoni hadi mabegi ya mabaki ya vitambaa

Davis Smith alipoanzisha Cotopaxi, kampuni ya mabegi na nguo za porini, mjini Salt Lake City, jimbo la Utah, hakuwa fundi nguo wala hakuwahi kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya milimani. Alikuwa mtu wa maduka ya mtandaoni. Mwaka 2004 yeye na binamu yake Kimball Thomas walifungua PoolTables.com, tovuti ya kuuza meza za kuchezea pool. Baada ya hapo alisoma shahada ya uzamili ya biashara Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 2011 wawili hao wakahamia Brazil kuanzisha Baby.com.br, duka la mtandaoni la nepi na mahitaji ya watoto wachanga. Mwaka 2013 Smith alirudi Marekani na kuanza upya, safari hii na mwenzake wa Wharton, Stephan Jacob, na bidhaa zikiwa makoti, mabegi ya mgongoni na nguo za kutembelea porini. Kampuni ilifungua milango Aprili 2014.

Jina ni la volkano ya Ecuador, nchi aliyoishi akiwa kijana. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Msomaji wa huku kwetu atapenda kujua kwamba Cotopaxi ina mita 5,897, yaani inaizidi Kibo kwa mita mbili tu.

Kisa chake kinamfaa mtu yeyote anayetaka kutoka kwenye tovuti na programu aingie kwenye bidhaa inayoshikika. Kinaonyesha ni ujuzi upi alihama nao na upi ilibidi aujifunze kuanzia chini. Kwa maoni yetu, ujuzi wa mtandaoni ulimletea kundi la kwanza la wateja, lakini Cotopaxi ilipata sura yake pale ilipoangalia vizuri kilichokuwa kimelala kwenye sakafu ya kiwanda.

Tuanze na alichokuja nacho. Biashara ya nepi mtandaoni ni shule ngumu. Nepi ni nyepesi lakini zinajaza gari, faida kwa pakiti ni ndogo, na mteja anataka zifike leo kwa sababu mtoto hasubiri. Mtu akitoka hapo anajua mambo mawili vizuri: gharama ya kumpata mteja mmoja, na mara ngapi mteja huyo atarudi kununua. Ukitumia dola 30 za matangazo kumpata mteja anayekuachia faida ya dola 10 kila anaponunua, lazima anunue mara tatu ndipo ulipe tangazo tu, kabla hujalipa mshahara wa mtu.

Hesabu hiyo inaogopesha zaidi kwenye makoti. Mzazi hununua nepi kila wiki, lakini koti zuri hukaa miaka mitano. Kwa hiyo kampuni mpya ya mavazi ya porini ikitegemea matangazo ya kulipia inaweza kufa huku mauzo yake yakipanda. Jibu la Smith lilikuwa Questival, mashindano ya saa 24 yaliyoanza siku zilezile za uzinduzi. Watu walijiunga kwa timu ndogo na kununua tiketi, kisha wakapewa orodha ndefu ya majukumu: kupanda kilima fulani, kulala nje, kumsaidia mtu asiyemjua, kula kitu kigeni. Kila jukumu lilithibitishwa kwa picha au video na kupewa pointi. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imezungusha lama, wale wanyama wa Andes, kwenye vyuo vya Utah ili wanafunzi wapige nao picha na kuuliza ni nini kinaendelea.

Kilichofanya mpango ule ufanye kazi ni jinsi tiketi ilivyopangwa. Mshiriki alilipia tiketi na ndani yake alipata begi la mgongoni. Maana yake mteja wa kwanza alipatikana bila hasara, au kwa hasara ndogo, kwa kuwa pesa yake mwenyewe ililipia sehemu kubwa ya begi na ya tukio. Kwa saa 24 alipiga picha akiwa amelivaa begi lile, na kuziweka hadharani kwa hiari yake kwa sababu alitaka pointi. Tangazo la kulipia huonekana mara moja na kupita, ilhali begi lile lilibaki mgongoni mwa mwanafunzi miaka mitatu ya chuo. Huu ndio ujuzi wa teknolojia uliohama bila kupotea njiani: kupima kila hatua ya mteja, kisha kuufanya mchezo wenyewe ndio uwe tangazo. Janga la 2020 lilipozuia mikusanyiko, mlango huu ulifungwa, lakini kufikia wakati huo kampuni ilikuwa na miguu mingine ya kusimamia.

Sasa tuje kwenye kile ambacho hakikuhama. Kwenye tovuti ukikosea rangi ya kitufe unabadilisha jioni ileile. Kwenye nguo kosa la rangi linakaa stoo mwaka mzima. Kalenda ya kawaida ya mavazi ya milimani huenda hivi: usanifu wa koti la msimu wa baridi huanza miezi 12 hadi 18 kabla halijafika dukani. Wenye maduka huona sampuli na kuweka oda zao mwanzoni mwa mwaka, kiwanda kinapewa oda muda mfupi baadaye, na mzigo unasafiri katikati ya mwaka ili uwe kwenye rafu kufikia Agosti au Septemba. Kiwanda kwa kawaida hudai asilimia 30 ya malipo oda inapothibitishwa, na asilimia 70 mzigo unapotoka. Baada ya hapo kontena linaelea baharini wiki nne au zaidi. Duka kubwa likinunua kwa jumla, hulipa siku 30 hadi 60 baada ya kupokea. Mwenye kampuni anakuwa ametoa pesa yote, na ya kwanza kurudi inamkuta miezi mitano au sita mbele.

Juu ya hapo kuna kiwango cha chini cha oda, na hapa ndipo wageni wengi wa biashara hii huumia. Kiwanda cha kusuka na kutia rangi kitambaa hakipendi kuwasha mtambo kwa mita 100. Chukua mfano wa kiwanda kinachotaka mita 1,000 kwa kila rangi. Koti jepesi la upepo linakula takriban mita 1.65, hivyo mita 1,000 ni kama makoti 600. Ukitaka rangi nne, tayari una makoti 2,400. Kwa bei ya kiwandani ya dola 32 kwa koti, hiyo ni dola 76,800 zimelala kwenye aina moja tu ya bidhaa, na dola 23,040 kati yake umezitoa kabla koti hata moja halijashonwa. Zidisha rangi nne kwa saizi sita unapata aina 24 za kuhesabu stoo. Saizi za kati katika rangi nyeusi zitaisha wiki ya tatu, na ile ya kijani katika saizi kubwa kabisa itauzwa kwa nusu bei mwezi Machi. Nusu bei hiyo ndiyo inayokula faida ya zile nyeusi.

Bei nayo ina mpangilio wake. Koti la dola 160 dukani huuzwa kwa jumla kwa dola 80 hivi, kwa sababu mwenye duka anataka nusu yake. Toa dola 32 za kiwanda, ushuru, usafiri, mishahara na ghala, na utaona kwa nini kampuni nyingi changa za wakati ule, Cotopaxi ikiwemo, zilianza kwa kuuza moja kwa moja kwa mteja. Lakini kuuza moja kwa moja kuna mdudu wake: nguo iliyonunuliwa mtandaoni hurudishwa sana, maana mtu huagiza saizi mbili, huweka moja na kurudisha ya pili, na gharama ya kurudisha ni yako. Baadaye Cotopaxi iliingia kwenye maduka ya wengine, kama REI, mtandao wa maduka ya vifaa vya porini wa Marekani, na kufungua ya kwake. Kwa bidhaa ambayo mtu anataka kuigusa, hatukuona jinsi ingekwepa hatua hiyo.

Angalia basi begi la mgongoni. Halina saizi. Halirudishwi kwa kubana mabega. Halina msimu mkali, linauzwa Januari na Julai. Aina 24 za stoo zinakuwa moja, au nne ukihesabu rangi. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu stoo kwa kompyuta, begi lilikuwa mahali pa kupumulia.

Na kwenye mabegi ndipo lilipotokea jambo lililoipa Cotopaxi sura. Viwanda vya Ufilipino vinavyoshona mabegi ya kampuni nyingi kubwa hubaki na vitambaa: ncha za roli, oda zilizofutwa, rangi ambayo mteja aliikataa kwa kuwa imetofautiana kidogo na sampuli. Ni nailoni nzuri kabisa, ila haina mwenyewe. Roli ya mita 40 haimsaidii mtu anayehitaji makoti 600 ya rangi moja. Kwa begi hesabu inageuka. Chukua paneli ya mbele ya sentimita 30 kwa 45, kwenye kitambaa cha upana wa mita 1.5: zinaingia paneli tano kwa mstari, na mita 40 zinatoa mistari 88. Hizo ni paneli 440, na hata ukitoa kingo zilizoharibika unabaki na 400. Kikwazo pekee ni kukubali kwamba paneli ya mbele ya begi moja haitalingana na ya begi linalofuata.

Cotopaxi ilikubali, na ikafika mbali zaidi: uamuzi wa rangi ikawaachia washonaji. Fundi ndiye anayechagua mwili uwe wa rangi gani, mfuko wa mbele gani, zipu gani, kamba gani. Mstari huu wa bidhaa uliitwa Del Día, na begi lake la mwanzo linalojulikana zaidi ni Luzon la lita 18, lililopewa jina la kisiwa kikubwa cha Ufilipino. Tunaliona jambo hili kuwa zuri kwa dhati. Katika kazi ya kushona kwa wingi mtu anaweza kufanya mshono mmoja maelfu ya mara bila kuulizwa lolote, na hapa anaulizwa jicho lake linapenda nini.

Kwa upande wa pesa, mpango huu uliondoa mambo matatu kwa mkupuo. Hakuna kiwango cha chini cha kutia rangi, kwa sababu kitambaa kimeshatiwa rangi na mtu mwingine. Hakuna miezi ya kusubiri kitambaa kisukwe. Na hakuna rangi itakayobaki stoo, kwa sababu hakuna rangi moja.

Lakini anayetaka kuiga asidhani ni rahisi. Kwanza, mabaki hayafanani kwa uzito. Kitambaa kizito kikishonwa na chepesi sana kwenye mshono mmoja, kile chepesi huvutwa na kukunjamana, na kwenye pembe zenye uzito ndipo kinapochanika. Kwa hiyo mabaki lazima yapangwe kwa uzito wa uzi kabla ya kupangwa kwa rangi. Pili, umri. Nailoni ya mabegi hupakwa poliyurethini upande wa ndani ili isipitishe maji, na baadhi ya mipako hiyo huoza polepole kwa joto na unyevu: huanza kunata, hutoa harufu ya uchachu, kisha hubanduka. Roli iliyokaa miaka kwenye ghala la pwani ya joto lazima ikaguliwe. Njia rahisi ni kusugua upande wa mpako kwa kidole, kubandika utepe wa gundi na kuuvuta. Ukitoka na unga au ngozi ya mpako, roli hiyo haifai. Tatu, kasi. Kwenye kazi ya kawaida vitambaa hupangwa tabaka kwa tabaka, vikakatwa kwa mkupuo, na fundi huchukua rundo bila kufikiri. Hapa kila begi linahitaji kuchaguliwa, na uzi wenyewe ubadilike au itafutwe rangi ya uzi inayokubaliana na zote. Dakika zinaongezeka, na akiba uliyoipata kwenye kitambaa inapungua.

Tatizo la nne lilikuwa kwenye eneo ambalo Smith alilijua vizuri, yaani tovuti. Utampigiaje mteja picha ya bidhaa ambayo kila moja ni tofauti? Kupiga picha kila begi kunakula faida. Njia iliyochukuliwa ilikuwa kuonyesha mifano na kumwambia mnunuzi kwamba rangi zitakuwa za kushtukiza. Mtu wa stoo anaona udhaifu hapo. Mtu wa mtandaoni anaona sababu ya mteja kufungua kifurushi mbele ya kamera.

Kuna kitu kingine ambacho wachambuzi wengi hukiruka, nacho ni forodha. Marekani, koti la uzi wa viwandani, kama nailoni, hutozwa ushuru wa msingi wa asilimia 27.7. Likihesabika kuwa linazuia maji, ushuru unashuka hadi asilimia 7.1. Kipimo kimeandikwa kwenye sheria: kitambaa kiwekwe chini ya shinikizo la safu ya maji ya milimita 600 kwa dakika mbili, na maji yanayopenya yasizidi gramu moja, na uwezo huo utokane na mpako au utando wa mpira au plastiki. Kwa koti letu la dola 32, tofauti ni kati ya dola 8.86 na dola 2.27. Kwa makoti 2,000 ni zaidi ya dola 13,000, na jibu linategemea mpako ambao mteja hauoni. Msanifu asiyeijua sheria hii anaweza kuchagua kitambaa laini cha kupendeza na kuilipa serikali mshahara wa mfanyakazi.

Begi la nailoni lina ushuru wa msingi wa asilimia 17.6. Mwaka 2016 Marekani iliyaondolea ushuru mabegi kutoka nchi maskini zaidi na nchi za Afrika zilizokuwa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya na Tanzania zikiwemo. Katikati ya 2017 nafuu hiyo ikafika Ufilipino. Mwaka uliofuata mabegi ya China yakaongezewa ushuru wa asilimia 10, na Mei 2019 nyongeza hiyo ikawa asilimia 25. Aliyekuwa anashona Ufilipino wakati huo alikuwa mahali pazuri kuliko jirani yake wa Guangdong, China. Nafuu ya Ufilipino iliisha tarehe 31 Desemba 2020, mpango ulioitoa, ambao siyo AGOA, ulipomaliza muda wake bila Bunge la Marekani kuuongeza, na asilimia 17.6 ikarudi. Inasikitisha kwamba Afrika Mashariki, iliyopewa mlango huo mapema zaidi, haikupata viwanda vingi vya mabegi katika miaka ile.

Upande wa misaada, kampuni ilisajiliwa tangu mwanzo kama kampuni ya manufaa ya umma, chini ya sheria ya Delaware iliyoanza kutumika Agosti 2013. Sheria hiyo inawataka wakurugenzi kupima faida ya wenye hisa pamoja na lengo la kijamii lililoandikwa kwenye hati ya kampuni, na kutoa taarifa kwa wenye hisa angalau kila miaka miwili. Mwenye hisa anayetaka kuwashtaki kwa kulipuuza lengo hilo lazima, peke yake au na wenzake, amiliki angalau asilimia mbili ya hisa. Smith aliliweka lengo hilo kwenye hati kabla wawekezaji wakubwa hawajaingia, na huo ndio wakati sahihi. Kuliongeza baadaye ni kuomba ruhusa kwa watu walioingia kwa matarajio mengine.

Mwanzoni kila bidhaa ilifungwa na msaada wake mahususi, chupa hii kwa maji, begi lile kwa masomo ya mtoto. Inavutia kwenye lebo, lakini ni mzigo kwa mhasibu: kila bidhaa mpya inadai mradi mpya, na mradi ukikwama bidhaa inabaki na ahadi isiyotimia. Baadaye walihamia asilimia moja ya mapato kupitia mfuko wao wa hisani, unaosaidia mashirika kama International Rescue Committee na Mercy Corps. Angalia kwamba ni asilimia moja ya mapato, siyo ya faida. Kampuni inayopata hasara bado inalipa. Huko Salt Lake City, mji uliopokea wakimbizi wengi wakiwemo wa Kongo na Somalia, wakimbizi walipewa kazi ya kuandika kwa mkono kadi za shukrani zinazowekwa kwenye vifurushi vya wateja.

Mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji wa kijamii wa Bain Capital uliongoza duru ya uwekezaji ya dola milioni 45. Pesa nyingi ya aina hiyo huenda kwenye stoo na maduka, na maduka yana shida ambazo tovuti haina. Oktoba 2022 Smith alitangaza kufunga duka lao la mtaa wa Hayes Valley, San Francisco, kwa sababu ya wezi waliokuwa wakirudi mara kwa mara.

Mwaka 2023 alikabidhi ukurugenzi mtendaji kwa Damien Huang, aliyetokea Eddie Bauer, kampuni ya nguo za porini, na kwenda Recife, Brazil, kuongoza misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Uteuzi wa Huang una maana kwa anayefuatilia kazi hii: kampuni iliyoanzishwa na mtu wa mtandaoni ilikabidhiwa kwa mtu aliyekulia kwenye nguo. Kampuni ikifika ukubwa fulani, maswali ya kila siku huwa ya kitambaa, kiwanda na oda za maduka.

Swali gumu kuliko yote alilolirithi Huang ni la mabaki yenyewe. Mabaki ni kosa la mtu mwingine, na huwezi kuagiza mtu mwingine akosee zaidi kwa sababu wewe unakua. Njia iliyoanza kabla hajafika ilikuwa kuugeuza mwonekano wa mabaki uwe alama ya kampuni, kisha kuutengeneza hata kwa kitambaa kipya au kilichorejelezwa, katika mchanganyiko wa rangi uliopangwa na unaoweza kupigwa picha, huku Del Día ikibaki kwa mabaki halisi. Ukiangalia koti la Fuego, lenye manyoya ya ndege ndani na mistari ya rangi kifuani, unaona macho ya wale washonaji wa Ufilipino. Ila rangi hizo sasa zinaagizwa kwa mita, na kila moja inadai kiwango cha chini cha oda kama ilivyo kwa kampuni nyingine yoyote.